Maji ya mvua nani analipia? Mwongozo wa kutafuta pesa za mitaro hatua kwa hatua

Chukua tochi siku ambayo jua linawaka, nenda kwenye kalavati lililo karibu na wewe, chuchumaa uchungulie ndani. Bomba la upana wa sentimita 60 unaweza kukuta tope limejaa mpaka sentimita 45, juu ya tope kuna chupa za plastiki na ndala moja, mizizi imeshapenya kwenye maungio, nafasi iliyobaki ya maji kupita ni sentimita 15 tu. Mvua kubwa ikija maji yanakosa njia, yanarudi barabarani, yanaingia kwenye nyumba za watu, alafu kila mtu anasema mvua za siku hizi zimezidi. Ni kweli sehemu nyingi zimezidi. Lakini mimi nikisikia mtaro umefurika, swali langu la kwanza ni nani analipwa kuuzibua na pesa yake inatoka fungu gani, na mara nyingi hilo fungu halipo kabisa.

Kwahiyo huu mwongozo ni wa kutengeneza hilo fungu. Nimeuandika kwa ajili ya kamati za mitaa, madiwani, maafisa wa manispaa, na mwananchi yeyote aliyechoka kubeba magodoro kila msimu. Nitasema mapema msimamo wangu ili usome ukijua: mimi naamini kila mtu alipe kulingana na maji anayoyasukuma kwenye mtaro wa wote, na hayo maji yanapimika.

Hatua ya 1: Jueni mna nini

Tembeeni. Hakuna njia ya mkato hapa. Watu wawili watatu wenye simu wanatosha kuanza, mnapiga picha kila mtaro, kila kalavati, kila shimo la kuingizia maji, mnaandika upana, kina, limejengwa kwa nini, hali yake ikoje, linamwaga wapi, na liko kwenye ardhi ya nani. Hilo la mwisho msilipuuze maana kuna mitaro inapita nyuma ya nyumba za watu na hakuna anayejua kama ni ya umma au ya mwenye kiwanja, na siku ya ukarabati ndo ugomvi unaanza. Rudieni tena mvua ikiwa inanyesha. Najua inachosha, ila mtaona mambo ambayo ramani haiwaonyeshi, kama vile maji yanayotoka kwenye uwanja wa maegesho yanavyokata barabara na kuruka mtaro mzima uliojengwa kwa ajili yao.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu ya gharama, na matengenezo yatangulie

Hapa ndo wengi wanakosea. Wanaanza na mradi mpya kwa sababu mradi mpya una mkandarasi, una uzinduzi, una picha. Nimewahi kusimama kwenye mtaro wa zege uliojengwa vizuri sana, kuta zimenyooka, maungio safi, lakini katikati umeota mti wenye shina nene kama mkono wangu na mchanga umejikusanya nyuma yake kama bwawa. Pesa ya kujenga ilipatikana. Pesa ya mtu mwenye koleo na panga kupita mara nne kwa mwaka haikupatikana.

Gawanyeni gharama mafungu manne. La kwanza ni usafi na ukarabati mdogo, yaani kuzibua, kufagia, kukata nyasi, kuziba nyufa, kubeba tope na kulipeleka sehemu inayoruhusiwa (msiliache pembeni ya mtaro, mvua inayofuata inalirudisha). La pili ni kubadilisha vilivyozeeka, na hesabu yake ni rahisi: kama kalavati linadumu miaka 50 basi kila mwaka mnatakiwa mweke kando sehemu moja ya hamsini ya gharama ya kujenga jingine, hata kama mwaka huu halijaharibika. La tatu ni miradi mipya. La nne ni ofisi, yaani watu, ramani, kuandaa bili, kukagua ujenzi mpya, na elimu kwa wananchi.

Ukishapata hizo namba usipeleke namba moja kwa watu. Peleka ngazi tatu: ya kwanza ni kuendelea kama sasa hivi, mtaro unazibuliwa ukishafurika, ya pili kila mtaro unasafishwa kabla ya msimu na vilivyooza vinabadilishwa taratibu, ya tatu mnaongeza na uwezo mpya kwenye maeneo yanayofurika kila mwaka. Kila ngazi iwe na bei yake. Watu wakiona bei na wanachopata kwa hiyo bei wanajadiliana vizuri zaidi kuliko ukiwapa jumla moja kubwa ambayo hawajui imetoka wapi.

Hatua ya 3: Chagueni pesa itoke wapi

Vyanzo viko vingi na karibu kila mji unachanganya. Cha kawaida ni mfuko mkuu, yaani kodi ya majengo na kodi nyingine zinaingia kapu moja, mitaro inapewa kinachobaki. Ni rahisi kwa sababu hakuna kipya cha kuanzisha, lakini mtaro unashindana na shule, taa za barabarani na mishahara, na ikipita miaka miwili bila mafuriko fungu lake linakatwa la kwanza. Na kuna tatizo jingine ambalo watu hawalioni haraka: kodi ya majengo inafuata thamani, haifuati maji. Ghorofa la bei mbaya kwenye kiwanja kidogo linaweza kutoa maji kidogo kuliko yadi ya magari chakavu iliyomwagwa zege mwanzo mwisho. Alafu mashirika yanayosamehewa kodi, majengo ya serikali, nyumba za ibada, yote yana mapaa makubwa na hayachangii kitu.

Njia nyingine ni kupachika ada kwenye bili ya maji kulingana na mita. Mji wa Philadelphia kule Marekani walifanya hivo miaka mingi, ada ya maji ya mvua ilikuwa inafuata ukubwa wa mita ya maji safi. Fikiria inavyokuwa: uwanja wa maegesho wa heka kadhaa za lami hauna bomba, hauna mita, kwahiyo haulipi chochote, wakati jengo refu lenye wapangaji wengi na paa dogo linalipa kubwa. Mwaka 2010 wakaanza kubadilisha kidogo kidogo, kwa maeneo yasiyo ya makazi ada ikafuata kiwanja chenyewe, asilimia 80 ya ada ikahesabiwa kwa eneo gumu (paa, lami, zege, popote mvua haizami) na 20 kwa ukubwa wa kiwanja. Maegesho yaliyokuwa hayana bili yakaletewa bili kwa mara ya kwanza.

Hiyo ya kupima eneo gumu ndo ninayoipendelea, na sio kitu kipya. Mji wa Bellevue jimbo la Washington ulianzisha huduma yake ya maji ya mvua mwaka 1974, ukachukulia mitaro kama unavyochukulia maji safi au umeme: ni huduma, ina wateja, ina bei. Leo mamia ya miji ya Marekani inafanya hivo, Canada ipo, na Ujerumani miji mingi imetenganisha kabisa bili ya majitaka na bili ya maji ya mvua, ya kwanza inafuata maji uliyotumia, ya pili inafuata mita za mraba ulizozifunika.

Kuna ada ya waendelezaji pia, mtu akijenga mtaa mpya au duka kubwa analipa mara moja kwa ajili ya uwezo anaouongeza kwenye mfumo. Ni haki kabisa, ila inatumika kujengea tu. Msiitegemee kulipa mishahara ya wasafishaji kwa sababu ujenzi ukisimama nayo inasimama. Ruzuku nazo hivohivo: zichukueni zikija, ila soma masharti maana nyingi hazigusi matengenezo, na ukishajengewa mtaro kwa ruzuku ule mtaro ni wako kuutunza miaka yote.

Na mkopo? Mkopo na hatifungani (hati za deni mnazowauzia wawekezaji ili mpate pesa) sio chanzo cha mapato jamani. Vinakusaidia kujenga leo na kulipa polepole, lakini mwenye kulipa ni yuleyule mwenye bili. Vina maana kwenye kitu kitakachodumu miaka 30 au 50, kwa sababu sio haki kizazi kimoja kilipe kalavati zima ambalo wajukuu watalitumia. Kufagia mtaro kwa mkopo ni kosa kubwa. Marekani tangu mwaka 1987 kuna mifuko ya mikopo nafuu ya majimbo kwa kazi za maji machafu na ya mvua, marejesho yanazunguka yanakopeshwa wengine. Mamlaka ya maji ya Washington DC mwaka 2016 ilitoa hatifungani ya dola milioni 25 ya kujenga bustani na barabara zinazonyonya mvua, yenye sharti kwamba kazi ikishindwa kupunguza maji kama ilivyotarajiwa wawekezaji wanabeba sehemu ya hasara, ikifanya vizuri kupita kiasi wanaongezewa. Lakini hata hapo anayelipa mwisho wa siku ni mteja.

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, nao ni mfano wa kutazama. Tarehe 2 Julai 2011 mvua zaidi ya milimita 100 ilishuka ndani ya masaa machache, mji ukazama. Mwaka uliofuata wakatoa mpango wa miradi kama 300 ya kutekelezwa kwa muda wa miaka 20, sehemu kubwa ya pesa inatoka kwenye bili za maji za wakazi. Walikubali kulipa kwa sababu walishaona gharama ya kutolipa.

Hatua ya 4: Pimeni eneo gumu na mpate bei

Hii ndo roho ya kazi kwahiyo tukae hapa kidogo. Eneo gumu ni sehemu yoyote ambayo mvua ikigonga haizami: paa, zege, lami, pavingi zilizobanana, hata udongo uliogandamizwa na magari mpaka ukawa kama sakafu (huo wa mwisho amueni mapema kama mtauhesabu, kila mji una uamuzi wake). Kanuni ya kukumbuka ni moja: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Sasa nyumba yenye mita 150 za eneo gumu ikinyeshewa milimita 40 inatoa lita 6,000. Ghala lenye mita 6,000, mvua hiyohiyo, siku hiyohiyo, linatoa lita 240,000. Mkitoza kila mwenye kiwanja sawa, mwenye nyumba anamlipia mwenye ghala.

Kupima hamhitaji mtu apite kila kiwanja na futi kamba. Picha za angani au za setilaiti mnachora mapaa na lami juu yake, programu za ramani za bure zipo zinazofanya hiyo kazi, kisha mnahakiki viwanja vichache kwa miguu kuona kama mchoro na ukweli vinafanana. Miti inaficha mapaa, na vibaraza vipya havionekani kwenye picha ya miaka mitatu nyuma, kwahiyo lazima makosa yatakuwepo.

Baada ya hapo mnatafuta kipimo kimoja cha kutozea, tukiite uniti. Kawaida ni wastani wa eneo gumu la nyumba ya kawaida ya familia moja. Tuseme mji wenu una nyumba 4,000 na wastani ni mita 150, basi kila nyumba ni uniti 1. Maghala, maduka, shule, maegesho na ofisi zote kwa pamoja zina mita 300,000, ukigawa kwa 150 unapata uniti 2,000. Jumla ni uniti 6,000. Gharama ya mwaka mliyoipata kwenye hatua ya 2 tuseme ni 720,000 kwa pesa yoyote mnayotumia. Gawa kwa 6,000 unapata 120 kwa mwaka, sawa na 10 kwa mwezi kwa uniti.

Ila usiishie hapo! Sio wote watalipa. Kama makadirio ya kweli ni kwamba mtakusanya asilimia 80, basi bili zinatakiwa ziandikwe za jumla ya 900,000 ili 720,000 ipatikane, na uniti inakuwa 12.5 kwa mwezi. Lile ghala lina uniti 40, litalipa 500 kwa mwezi. Nimeona mahesabu yaliyodhani watu wote watalipa tarehe moja ya mwezi, na mpango ukafa mwaka wa kwanza kwa sababu hiyo tu. Punguzo mtakalotoa (linakuja hatua inayofuata) nalo linapunguza mapato, liingizeni humohumo.

Je nyumba zote zilipe sawa? Inategemea. Ukizipima moja moja inakuwa haki zaidi lakini kazi inaongezeka na malalamiko yanaongezeka. Mississauga kule Canada, walipoanza tozo yao mwaka 2016, walizigawa nyumba za familia moja kwenye madaraja matano kwa ukubwa wa paa, na mali nyingine zikapimwa kwa uniti ya mita za mraba 267. Mimi naona madaraja matatu mpaka matano yanatosha, mwenye kibanda halipi sawa na mwenye jumba, na ofisi haizidiwi.

Hatua ya 5: Wekeni punguzo lenye akili

Mtu akipunguza maji anayoyatoa na bili ipungue, la sivyo hana sababu ya kuchimba bwawa la kutuliza maji au kung'oa lami isiyo na kazi. Ujerumani paa lenye nyasi au pavingi zinazopitisha maji mara nyingi zinapunguza bili. Washington DC wameenda mbele zaidi, mwenye kiwanja akijenga kitu cha kuhifadhi mvua kuliko anavyotakiwa anapata krediti ambazo anaweza kumuuzia mjenzi mwingine aliyeshindwa kutimiza sharti kwenye kiwanja chake.

Masharti yawe mawili matatu. Punguzo liwe na kikomo, kwa mfano lisizidi nusu, maana hata mwenye tangi kubwa bado anatumia barabara yenye mtaro. Liwe la muda na likaguliwe, tangi lililojaa tope halihifadhi kitu. Na fomu iwe ya ukurasa mmoja, sio ya kuhitaji injinia kwa mtu mwenye pipa mbili.

Kuhusu misamaha nitasema wazi: iwe michache sana. Ukisamehe shule na nyumba za ibada na majengo ya serikali, yale maji hayajapotea, bili yake inahamia kwa wengine. Serikali kuu ya Marekani ilikuwa inabishana na miji kuhusu hili mpaka sheria ikarekebishwa mapema mwaka 2011, sasa majengo yake yanatakiwa kulipa tozo za maji ya mvua zilizo za haki. Kwa kaya masikini msiwape msamaha wa kimyakimya, wekeni msaada unaojulikana, wenye vigezo, na fungu lake liandikwe.

Hatua ya 6: Sheria kabla ya bili

Mtafuteni mwanasheria kabla hamjachapa bili hata moja. Swali atakaloulizwa mahakamani ni kama hii ni tozo ya huduma au ni kodi iliyovaa nguo nyingine. Mji wa Lansing, jimbo la Michigan kule Marekani, walishindwa kwa hilo mwaka 1998: Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema walichokiita ada ya maji ya mvua kilikuwa kodi, na kodi ilitakiwa kupigiwa kura na wananchi. Mambo yanayowasaidia kujitetea ni kiasi kinachoendana na maji anayotoa mtu, pesa kutumika kwenye mitaro tu, na mlipaji kuwa na njia ya kupunguza anacholipa. Ndo maana hatua ya 4 na ya 5 hazirukwi.

Pia fungueni mfuko wa peke yake, akaunti yake, na kifungu kinachosema hauhamishwi kwenda matumizi mengine, hata mwaka wenye shida. Hapa msilegeze. Pesa ya mitaro ikishakopwa mara moja kulipa kitu kingine hairudi.

Hatua ya 7: Ongeeni na watu mapema

Jimbo la Maryland kule Marekani mwaka 2012 lilipitisha sheria ya kuyalazimisha maeneo yake 10 makubwa kuanzisha tozo hii ya maji ya mvua. Wapinzani wakaipa jina la kodi ya mvua, likashika kila sehemu, na mwaka 2015 ulazima ukaondolewa. Jina lilishinda kwa sababu lilifika kwa watu kabla ya maelezo. Kwahiyo nyinyi fikeni kwanza. Msiende na slaidi za sheria, nendeni na picha ya lile kalavati, ramani ya mtaa wao, na bili ya mfano yenye eneo la kiwanja chao wenyewe. Wenye bili kubwa, maghala na maduka, waiteni pembeni miezi kadhaa kabla, waonyesheni vipimo, wapeni muda wa kuomba punguzo. Mkipandisha bei kwa awamu miaka mitatu au minne mnapunguza maumivu.

Hatua ya 8: Tumeni bili, na kazi ionekane

Bili ya bei rahisi ni ile inayopanda kwenye bili iliyopo, ya maji au ya kodi ya majengo, kwa mstari wake wenye jina lake. Viwanja visivyo na akaunti vitengenezewe, na hivo ndo mara nyingi vyenye lami nyingi. Siku bili za kwanza zinatoka muwe na mtu wa kupokea rufaa, mwenye ramani mbele yake na mamlaka ya kusahihisha kosa palepale, kwa sababu mwezi wa kwanza simu zitakuwa nyingi na wengine watakuwa sahihi kabisa, mtu katozwa paa la jirani.

Pesa ya mwanzo msiipeleke kwenye mradi mkubwa wa kusubiri miaka miwili. Ipelekeni kwenye usafi wa mitaro yote kabla ya msimu wa mvua, kwa ratiba iliyobandikwa: mtaa fulani tarehe fulani, mita ngapi zimezibuliwa, tope tripu ngapi zimebebwa, shilingi au dola ngapi zimetumika. Kisha mrudi na tochi kwenye lile kalavati, mpime tena nafasi iliyobaki, na mwandike hiyo namba chini ya bili ya mwezi unaofuata.